Nimekaa Kizingitini, Mama Nje, Mume Wangu Ndani

Habari zenu wote humu. Naomba jina langu lifichwe kabisa, maana hata mume wangu anausoma ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na nne, mzaliwa wa Genkuru, Tarime, nimesoma mpaka kidato cha nne. Nimefunga ndoa juzi juzi tu, gauni langu bado linanukia manukato ya siku ile.

Niseme kwanza kwamba nampenda mume wangu, jamani. Nikisikia viatu vyake nje nasahau hata nilichobandika jikoni. Tulikutana Nyamongo, mimi nikiuza duka la vifaa vya simu, yeye akiwa fundi wa mitambo. Alinunua chaja. Kesho yake akarudi kununua nyingine, na keshokutwa nyingine tena. Nikamuuliza, "Kaka, kwani una simu ngapi?" Akasema, "Moja, na imejaa chaji. Ni mimi nimeishiwa." Nikawa nimekwisha hapo hapo.

Baadaye alipata kazi kwenye mgodi wa shaba huku Zambia. Akanioa, akatangulia. Nilipotakiwa kumfuata, mama alikataa nisafiri peke yangu. "Sikukupeleka mnadani mwanangu. Nitakufikisha mpaka mlangoni kwa mumeo." Baba alishafariki, na mimi ndiye mtoto wa mwisho. Mume wangu alifurahi sana, akasema mama akae nasi hata miezi miwili, ili nisiwe mpweke yeye akiwa kazini.

Safari ilikuwa tamu. Kwa mama, nje ya nchi ni Isebania, hapo Kenya, anakovuka kumsalimia dada yake kama anaenda kisimani. Tulipofika Tunduma, tukiwa kwenye foleni ya kugongewa pasi, akaninong'oneza, "Hawa wanaulizauliza nini? Kwani hawana ndugu upande wa pili?" Ndani ya basi alinilalia begani, akanieleza mambo ya ndoa yake na baba ambayo sikuwahi kuyasikia. Sijawahi kuwa karibu na mama kama siku zile.

Mume wangu alitupokea stendi, nikamrukia shingoni mbele za watu. Mama akageukia pembeni, akajifunika uso kwa kitenge. Nilidhani ni aibu ya kutuona tumekumbatiana. Tukafika nyumbani. Ni chumba na sebule, choo na bafu humo humo ndani. Mume wangu alikuwa amenunua godoro jipya kwa ajili ya mama, akalitandika sebuleni. Mama alisimama mlangoni, akaliangalia lile godoro, akaniuliza kwa Kikurya mkwe wake analala wapi. Nikamwonyesha mlango wa chumba, pale pale pembeni. Basi akaliweka begi lake chini, nje, akalikalia.

"Mwanangu, mimi nilale chini ya paa moja na mkwe wangu? Nioge alipooga yeye? Unataka niwaletee mkosi?"

Mnaotoka kwetu mnaelewa. Heshima ya mama mkwe na mkwe haichezewi. Lakini si mimi wala mama aliyewaza hilo kabla ya kuondoka. Kwetu kila mtu ana nyumba yake ndani ya boma, na mgeni hakosi pa kulala. Jirani yetu, mama mtu mzima anayeitwa Bana Mutale, yaani Mama Mutale kwa lugha ya huku, alipoona mgeni amekalia begi, alimshika mkono akaenda naye kwake. Hawana hata lugha moja ya kuelewana, lakini nawasikia wanavyocheka kupitia ukuta.

Mume wangu ameumia. Yeye ni mtu wa Morogoro, kwao mama mkwe anakaa mezani na kukutania. Alimpelekea soda, mama akaipokea amegeukia ukutani. Aliporudi ndani akaniuliza, "Mke wangu, kwani nina sura ya fisi?" Nikamweleza mila yetu, akasema hayo ni ya zamani. "Wenzangu kazini wananiuliza kama nimemfukuza mkwe wangu. Niwajibu nini?"

Sasa maisha yangu ni haya. Mume akienda kazini, mama anakuja kufagia uwanja, anaishia mlangoni. Akisikia mkwe anarudi, anakimbilia kwa Bana Mutale. Chai nakunywa peke yangu. Watu wawili ninaowapenda kuliko wote duniani wako karibu nami, na sijawahi kujisikia mpweke hivi, hata siku niliyomzika baba.

Juzi nikasema leo tutakula pamoja. Nikasonga ugali mgumu anavyoupenda mama. Mume nikamwandalia mezani, mama nikampelekea kigoda nje, mgongo kwa mlango. Mimi na sahani yangu nikaketi katikati, kizingitini.

Mama akasema bila kugeuka, "Mwanamke hakai mlangoni." Sikuinuka.

Mume wangu akasema, "Mwambie mama chumvi ipo."

Mama akanijibu mimi, "Mwambie mkwe imetosha. Mwambie huwa anachelewa kurudi kutoka kazini, ale ashibe."

Walikuwa wanasikiana vizuri kabisa. Nilikula machozi yakidondokea mchuzi, lakini jamani, ndicho chakula pekee nilichokula na familia yangu tangu nifike.

Baada ya chakula mume wangu akasema Jumamosi kuna basi. Mama alale ndani kama mzazi, au arudi nyumbani. Mama amekubali kurudi, na ameshafunga begi. Ila hajui kusoma, na peke yake hawezi kupita Tunduma wala kubadilisha mabasi mpaka Tarime. Nikimsindikiza, mume wangu anasema nitakuwa nimemchagua mama, na ndoa yetu bado changa hivi. Nikibaki, nitampungia mkono mama yangu aliyenifikisha mpaka mlangoni na hakuweza kuuvuka.

Ninyi mlioolewa mbali na kwenu, na ninyi wanaume mliooa Ukuryani, mlifanyaje? Jumamosi nipande basi, au nibaki? Naombeni msinitukane. Nisaidieni tu niinuke hapa kizingitini.