Picha ya Chumvi Niliyoinyoosha kwa Kawa

Naandika haya na mashavu yananiwaka, maana hata nikijifunika shuka gubigubi nasikia bado wananicheka.

Mwalimu wetu wa fizikia, Bi Thuwaiba, alitupa mimi na mwenzangu Shemsa picha mbili za eksirei kutoka maabara ya chuo. Moja ya uso wa fuwele ya chumvi, vidoa vitupu. Ya pili ya unga wa kupimia, miviringo mitupu. Bamba lililonasa picha lilikaa upande, basi kila kitu kimevutika kama yai. Kazi yetu ni kuivuta ile ya unga mpaka miviringo iwe duara kamili, kisha kuivuta ya chumvi kwa kipimo kile kile, tupate umbali baina ya atomu. Wawili watakaoshinda maonyesho ya skuli watakwenda kuiona maabara yenyewe Dar es Salaam, na Shemsa keshamwambia mpaka bibi yake wa Makunduchi.

Simu yangu ikajaa. Nikaifuta ya unga (miviringo tu, ya nini?), na nilipotanabahi nikaona haya kumwomba mwalimu tena, nikasema kesho, kesho kutwa, usingizi sipati, mwisho nikachukua kawa dogo la mama la kufunikia chakula, si duara lile, nikalipachika kwenye skrini ya kompyuta ya kaka na kuivuta chumvi mpaka vidoa vya nje vikalienea. Shemsa sikumwambia.

Siku ya maonyesho Bi Thuwaiba akayatazama majibu yetu, akanigeukia.

“Rahma, mwanangu, chumvi gani hii? Mmenyooshea nini?”

“Ka… kawa, mwalimu.”

Na mama, aliyeleta vitumbua vya wageni kavifunika kwa kawa lile lile, akalinyanyua juu kwa furaha (alidhani nasifiwa!): “Ndo hili hapa, mwalimu!”

Bi Thuwaiba akalipima kwa rula, huku na huku. Urefu umeuzidi upana sentimita tatu. Tangu Ramadhani limebanwa nyuma ya kabati.

“Rahma, leo tunafuturu eksirei?” akapiga kelele Haji wa darasani kwetu, ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Shemsa hakucheka. “Ungenambia tu,” akasema polepole. “Ile picha ya unga mie n'nayo kwenye simu yangu.”

Dar wanakwenda wengine. Kuomba kungenitia haya dakika moja, na hii fedheha leo siku ya nne. Wallahi sinyamazi tena. Kesho asubuhi nnakwenda kwao Shemsa, Kikwajuni, kumwomba radhi, hata akinifungia mlango.