Mzee wa Sesiamu

Milio sita ya redio, mitano mifupi na wa mwisho mrefu, bado hunifanya niache ninachofanya. Nikiwa jikoni huweka kisu chini. Wenzangu wakiuliza nimesikia nini, huwaambia nasubiri taarifa ya habari. Ninyi nitawaambia ukweli. Nikiisikia milio ile hunijia harufu ya betri zilizoanikwa juani zipate nguvu, na ninauona mkono wa baba juu ya saa yake, vidole viwili vimeshika kitufe cha pembeni, akiungoja mlio wa sita.

Hiyo ilikuwa Kakuma, katikati ya miaka ya sabini: safu mbili za maduka, misheni, zahanati, shule yetu, na mto uliojaa mchanga badala ya maji. Baba alitoka Bungoma kuja kufundisha sayansi, nasi tukamfuata, mama, mimi na mdogo wangu Nasimiyu. Ukutani juu ya meza yake alibandika picha aliyoikata kwenye jarida: Mzungu mwenye miwani amesimama kando ya mtambo mkubwa kama kabati la nguo. Mtu huyo, baba alitueleza, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupima wakati kwa kutumia atomi. Ndani ya kabati lile chembe za sesiamu hutikisika zaidi ya mara bilioni tisa katika sekunde moja, bila kuchoka, bila kujali joto wala nani ni mkuu wa wilaya. Jina la Mzungu huyo lilikuwa gumu, kwa hiyo sisi watoto tulimwita Mzee wa Sesiamu, tukamheshimu kama babu anayeishi mbali.

Baba alitaka Kakuma nzima iishi kwa saa ya mzee huyo. Jumamosi alizunguka madukani akirekebisha saa za ukutani. Wenye maduka walimshukuru, wakampa chai, na alipotoka wakazirudisha zilivyokuwa. Nakiru, mama aliyetuletea maziwa ya mbuzi, alipenda kumsalimu kwa lugha yake na kumchokoza. "Ejok, mwalimu. Ni saa ngapi?" Baba aliitazama saa kwa makini akajibu kwamba ni saa tatu na dakika saba. "Hiyo saba unakulanga na nini?" Nakiru akauliza, na watu wakacheka mpaka baba naye akacheka.

Barabara ya Lodwar wakati huo ilikuwa na majambazi wenye bunduki, kwa hiyo malori yalikwenda kwa msafara, mara mbili kwa wiki, mbele yake gari la askari. Msafara uliondoka saa moja asubuhi, na saa moja hiyo ilikuwa ya mkononi mwa koplo aliyesimamia kizuizi. Madereva walizirekebisha saa zao kwa yake. Abiria wasio na saa walifika alfajiri, wakajikunyata kando ya magurudumu wakingoja.

Nasimiyu alikuwa na miaka mitatu alipopata homa. Siku ya pili shingo ilikakamaa, akawa analia kila mlango ulipofunguliwa, kwa sababu mwanga ulimuumiza. Mhudumu wa zahanati alimpima, kisha akasema hana dawa ya kumtosha. Afikishwe hospitali ya Lodwar kwa msafara wa kesho yake, asikose. Jioni dereva mmoja, Ekiru, alikuja mwenyewe hadi mlangoni petu.

"Mwalimu, leta mtoto mapema. Jua ikitoka tu, wewe ukuwe kwa lori."

Baba alimshukuru.

Asubuhi Nasimiyu alikuwa ndiyo kwanza amepata usingizi. Mama alikuwa amefunga mzigo tangu giza, akataka tuondoke. Milio ya saa kumi na mbili ikalia, baba akaiweka saa yake sawa, akasema bado kuna muda, mtoto aachwe alale kidogo. Mama alikaa juu ya mzigo wake kizingitini akitazama nje, na shuka la Nasimiyu amelikunja mapajani. Saa ya baba ilipofika kumi na mbili na dakika arobaini, alimbeba mtoto kifuani na tukaanza kutembea. Kutoka kwetu hadi kizuizini ni mwendo wa dakika kumi.

Tulikuta vumbi. Lilikuwa bado linaning'inia juu ya barabara, jekundu, na upande wa Lodwar ngurumo ya malori ilisikika kwa mbali. Koplo alikuwa ameketi na kikombe chake cha chai.

"Wametoka, mwalimu."

Baba alisema bado dakika kumi kufika saa moja. Halafu akasema, "Saa yako iko mbele dakika kumi na tano."

Koplo akanyoosha mkono wake, bila hasira. "Hii ndio inafungua barabara. Hiyo yako inafungua nini?"

Ndipo alipomwona mtoto. Aliweka kikombe chini, akakimbia yeye mwenyewe hadi misheni kutafuta gari, lakini gari la misheni lilikuwa limekwenda Lokichoggio. Msafara mwingine ulikuwa wa siku tatu baadaye. Nasimiyu alifariki kesho yake mchana. Tulimzika ng'ambo ya mto, na wanaume wakarundika mawe juu ya kaburi ili fisi wasilifukue.

Baada ya matanga baba aliisogeza saa yake mbele dakika kumi na tano. Ilibaki hivyo hata tulipohamia Lodwar, tukapanga nyumba mtaa wa Kanamkemer. Siku moja, kwa ukatili wa watoto, nilimwambia saa yake inakosea. Akajibu kwamba anajua, akaendelea kusahihisha madaftari.

Mwezi uliopita nilisoma kwamba Mzee wa Sesiamu amefariki, mkongwe sana. Nilisoma habari yake yote, na humo nikajifunza jambo ambalo baba hakutufundisha: kwamba hakuna saa moja ya atomi inayoaminiwa peke yake. Ziko nyingi, nchi nyingi, kila moja inapishana kidogo na mwenzake, na wakati wa dunia ni ule ambao wataalamu hukubaliana baada ya kuzilinganisha. Mzee yule alitumia miaka yake ya mwisho akiwasihi wenzake wakubali kulinganisha.

Niliweka gazeti chini nikaikumbuka asubuhi ile. Baba alizitaja zile dakika kumi na tano hata kabla koplo hajanyoosha mkono kuonyesha saa yake. Alijua tangu zamani. Alikuwa ametuambia darasani, wiki hiyo hiyo, akicheka, nasi tukacheka naye: saa ya koplo inawahi kwa dakika kumi na tano. Kulikuwa na hesabu ndogo tu ya kufanya, saa moja toa dakika kumi na tano, na mama angepanda lori.

Kwa miaka mingi nilimlaumu baba kimyakimya kwa hesabu hiyo. Lakini darasani nilikaa dawati la mbele, na asubuhi ile nilisimama karibu na mama pale kizingitini, nikiionea fahari saa ya baba. Nilikuwa na miaka tisa. Kutoa nilikuwa najua.