Mtoto Anayecheza Haumwi

Katika wodi ya watoto nilikofanya mazoezi yangu ya udaktari, kila kitu kilikuwa na kipimo chake isipokuwa maumivu. Homa ina kipimajoto. Damu ina maabara. Pumzi ina kile kidude kinachobanwa kidoleni na kutoa namba, siku ambazo betri zipo. Kwa maumivu tulikuwa na karatasi ya nyuso iliyobandikwa ukutani, kuanzia uso unaocheka hadi uso unaolia, ili mtoto aonyeshe unaofanana na hali yake. Watoto wetu walionyesha unaocheka. Walidhani tunawauliza upi ni mzuri, na mtoto aliyelelewa vizuri hawezi kumwonyesha daktari uso mbaya. Karatasi ikabaki pambo, nasi tukarudi kwenye kanuni ya waliotutangulia: mtoto anayecheza haumwi.

Nilikuwa na ugomvi wa muda mrefu na kanuni hiyo, kwa sababu mimi nina SS. Vitabuni unaitwa ugonjwa wa selimundu, ila Kisangani tunasema hizo herufi mbili tu, tena kwa sauti ya chini. Chembe za damu zinajikunja, zinaziba njia ndogo ndogo, na mfupa uliokosa damu unauma kwa namna ambayo sijakuta kitabu kilichoieleza sawasawa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mtaani wanajua jambo moja tu kuhusu sisi, kwamba hatukui, tunakufa tungali watoto. Mama zetu huambiwa hivyo tungali migongoni mwao, na wanaowaambia ni majirani waliokuja kumsalimia mgonjwa.

Kitivoni hakuna aliyejua habari zangu. Mwanafunzi mmoja wa darasa lililotutangulia alianguka katika chumba cha upasuaji, ikajulikana ana SS, na mkuu wa idara ya watoto, ambaye neno lake lilisikilizwa hata nje ya idara yake, akashauri apelekwe maabara. Kwa faida yake, walisema. Hadi leo yuko kwenye hadubini, na hakuna mgonjwa anayemwita docteur. Mimi nilitaka kuwa daktari wa watoto tangu nilipokuwa mtoto mwenyewe, nimelala nikitazama dari ya hospitali, na sikuwa tayari kuishia kwenye hadubini. Macho yangu yakiwa ya njano nilisema ni malaria, na Kisangani ukisema malaria hakuna anayekuuliza swali la pili. Asubuhi nilivaa koti zito kwenye pikipiki ili ukungu wa mto usinipate, na chupa ya maji sikuiacha kokote, kwa sababu baridi na kiu ndivyo vinavyoamsha maumivu yetu. Wenzangu walinitania kwamba nimezaliwa na samaki, na kwa kuwa papa, yaani baba yangu, anafanya biashara ya samaki kutoka Isangi, utani huo haukuisha.

Michezo ya video nilifundishwa na tonton, mdogo wake mama. Alikuwa na chumba huko Mangobo chenye televisheni na jenereta, ambamo vijana walicheza mpira kwa vidole. Mpira wa miguu mimi nilikatazwa; mbio kidogo tu, kesho yake nimelazwa. Tonton akaniwekea kiti cha plastiki pembeni, akamnyang'anya kijana mmoja kidude cha kuchezea, akanipa. Vijana walinung'unika kwamba msichana anakula zamu yao. Baadaye walinung'unika kwamba ninawafunga. Furaha ile siwezi kuieleza bila kuonekana mjinga. Mchezaji wangu alikimbia mpaka mwisho wa mechi na kesho yake hakulazwa.

Humo ndimo nilimojijua. Nikiwa mzima nilicheza kama wengine: nikifungwa nililalamika, nikasingizia kidude kibovu, nikatoka kutafuta karanga. Nikiwa na maumivu sikulalamika. Nilifungwa nikaanza upya papo hapo, nikafungwa tena, nikaanza tena, kwa sababu ile nafasi ndogo kati ya mechi na mechi ndipo maumivu yaliponisubiri. Mama alinichungulia mlangoni, akaona vidole vinakwenda, akarudi nyumbani kumwambia papa kwamba nimepata nafuu.

Siku hizi nasikia sana kwamba teknolojia itatuokoa. Alikuja mgeni kitivoni akatuonyesha kompyuta inayosoma picha za mapafu vizuri kuliko daktari. Tulipiga makofi, huku mashine yetu ya picha ikingoja umeme tangu asubuhi. Siidharau teknolojia. Simu yangu ndiyo inayonikumbusha kunywa maji, na dawa ninayoimeza kila siku niliisoma humo kabla daktari yeyote hajanitajia. Lakini kifaa hupima kile kilichotengenezwa kukipima, na kisichopimika tunaanza kukiona kama hakipo. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, maana yake usingoje aombe. Sisi wa hospitali tumeipokea vingine, hatumwulizi chochote.

Basi akaletwa msichana mmoja kutoka upande wa Bafwasende. Mama yake alimleta kwa pikipiki, barabara yote ile ya msitu. Alikuwa na SS kama mimi, na mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba. Tulimlaza karibu na dirisha, akapata sindano kali za maumivu, na siku mkono ulipoanza kunywea mama yake akampa simu yenye kioo kilichopasuka. Akawa anacheza ule mchezo wa kupanga matofali yanayoshuka kutoka juu. Manesi walifurahi kumwona hivyo.

Asubuhi iliyofuata tulipita kitanda kwa kitanda nyuma ya mkuu wa idara, wanafunzi tumejipanga na makoti yetu meupe, na zamu ya kueleza hali ya yule msichana ilikuwa yangu. Nikataja homa, damu na namba ya kidude cha kidoleni. Zote zilikuwa nzuri. Mkuu alimtazama mtoto, akatazama na simu.

“Iko nacheza,” akasema. “Bon. Muache sindano, mumupe vidonge. Kesho anarudi kwao.”

Mama akaanza kumshukuru. Mimi nilikuwa nikitazama kidole gumba cha mtoto. Alicheza kwa mkono wa kushoto peke yake. Matofali yalijaa, akashindwa, na kabla kioo hakijamaliza kumwambia kwamba ameshindwa alikuwa ameshaanza upya. Hakukunja uso wala kuguna. Akashindwa tena, akaanza tena. Pindo la kitenge alikuwa ameling'ata kwa meno. Niliijua hali ile, na nikaiona ile barabara ya Bafwasende, na pikipiki, na mashimo yake.

Nilimfikiria pia mwenzetu wa hadubini. Niliogopa, sisemi uongo. Nikamwambia mkuu, kwa heshima zote, kwamba mtoto bado anaumwa sana na ndiyo sababu anacheza. Wenzangu walitazama sakafu. Mkuu akaniuliza nimesoma wapi jambo hilo. Nikajibu kwamba sijalisoma popote.

“Alors, unajua je?”

“Niko SS, docteur. Mimi pia nachezaka hivi.”

Mkuu aliinama kitandani, akaitoa simu taratibu mkononi mwa mtoto, akaishika. Mtoto akabaki anaangalia mahali simu ilipokuwa. Kisha midomo ikaanza kutetemeka, na kilio kikatoka ambacho wodi nzima ilikisikia, kilio cha mtu aliyekuwa amekizuia tangu jana. Mkuu alimrudishia simu haraka. Akaagiza sindano irudishwe saa ile ile, na habari ya kwenda nyumbani ifutwe. Halafu akaniambia nimfuate ofisini.

Yule mtu hakuwa mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Angekuwa mbaya ningemchukia nikapumzika. Alinieleza kwamba daktari akianguka, wagonjwa wanakuwa wawili, na kwamba mwenzetu hakumpeleka maabara kwa chuki. Nikamwambia kwamba mwenzetu hakuulizwa. Akaniuliza mimi nataka nini. Tangu nianze masomo ya udaktari sikuwahi kuulizwa swali hilo na mkubwa yeyote, na nikalia mbele yake kwa hasira na kwa nafuu pamoja. Nikasema nataka watoto. Akasema upasuaji utanipita, na zamu za usiku pia, lakini kwa watoto nitabaki, ila kila asubuhi nitafuatana na kiti na nitasikiliza wagonjwa nikiwa nimekaa. Kiti hicho ni cha plastiki, wenzangu hunibebea kwa zamu huku wakiniuliza kama malkia ameamka salama. Nakichukia, na ninakikalia.

Nilipotoka ofisini nilimkuta mama wa yule msichana kwenye korido. Mtoto alikuwa amelala, sindano imeshafanya kazi. Nilidhani ataniuliza habari za dawa, au siku ya kurudi kwao.

“Uko na miaka ngapi?” akaniuliza.

Nikamwambia. Akanitazama kuanzia viatu hadi nywele, akaniuliza tena, nikamjibu tena. Akanishika mkono, kwa nguvu, akanitoa hadi uani, kule ndugu za wagonjwa wanakopikia. Wanawake walikuwa wakitwanga ndizi za lituma, ugali wetu wa ndizi, na wawili kati yao walikuwa na watoto ndani wenye ugonjwa huo huo. Akanisimamisha mbele ya masufuria, mimi na koti langu jeupe.

“Docteur huyu iko SS,” akawaambia. Mchi ukanyamaza. Akanigeukia. “Sema ile miaka. Bote basikie.”

Nikasema nina miaka ishirini na sita.