Kitabu Nilichojifanya Sikitaki

Mimi nakusanya kurasa za picha za ubao, na kwa Unguja nzima sijamwona wa kunizidi. Nasema bila ya haya. Zamani, uchapaji ulipokuwa bado mchanga, picha ya kitabu ilichongwa kwanza kwenye ubao, ubao ukapakwa wino, ukagandamizwa kwenye karatasi. Marehemu baba alikuwa mchonga milango, kwa hivyo kazi ya patasi naijua tangu utotoni. Nipe ukurasa niupapase kwa nyuma. Kama ubao uliuma karatasi, kidole kitanambia. Wenye maduka ya vitu vya kale Mji Mkongwe wakiniletea nakala za juzi juzi, nawarudishia huku nacheka.

Lakini zote nilizokuwa nazo ni kurasa pweke, zilizochanwa na watu nisiowajua. Kitabu kizima sikuwahi kukishika mpaka nilipoelekezwa Bububu kwa bibi mmoja mjane. Mumewe alikuwa mpishi wa Mzungu, na Mzungu alipoondoka alimwachia kitabu hicho.

Nikakifungua mapajani. Ndovu mwenye miguu ya mbwa, maana mchongaji hakuwahi kumwona ndovu! Nyangumi mwenye masikio! Wallahi moyo ulinienda mbio.

Sasa, kwetu mgeni hasifusifu kitu cha mwenye nyumba. Ataambiwa ana kijicho, au mwenyewe ataona haya asipompa. Na nisijitakase: nilijiona mjanja pia. Nikionesha uchu, nilijiambia, bibi atakiringia. Nikakifunga, nikakisukuma pembeni kama sahani ya mtu aliyeshiba.

"Kitabu chenyewe kishachakaa, bibi," nikasema. "Mie nnakusanya kurasa za picha tu. Ntarudi Jumamosi tuzungumze."

"Picha tu?"

"Picha tu."

Jumamosi nikapiga hodi, nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Pita, nshakuwekea tayari."

Juu ya mkeka alikuwa ametandika kitambaa cheupe, na juu yake picha zote, zimepangwa vizuri. Pembeni palikuwa na wembe.

"Nimekukatia mwenyewe," akasema, uso unamng'aa. "Siku mbili nzima, na macho yenyewe ndiyo haya. Lakini tazama, hata mahali pamoja hapakupinda."

"Na kilichobaki, bibi?"

"Kipo jikoni, cha kuwashia moto."

Nikakimbilia jikoni bila hata ya kuomba ruhusa. Nikakikuta kwenye pakacha la makumbi ya nazi, jalada limelegea, na kila palipokuwa na picha pamebaki ukingo mwembamba wa karatasi. Kitabu kimepita miaka yote ile salama, kimekuja kufa kwa maneno yangu mawili. Nikakaa pale pale chini nikalia.

Bibi akanifuata. "Ala! Nimekosea wapi, mwanangu?"

Ningeweza kumsingizia macho yake, au wembe. Nisingeweza kulala.

"Hujakosea, bibi. Mie ndiye niliyekudanganya. Nilikitaka chote, kizima kama kilivyo."

Akavuta kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, akakaa karibu yangu, akanifuta machozi kwa ncha ya kanga yake.

"Mficha uchi hazai," akasema taratibu. "Siku ile nilishatoa kanga ya kukufungia kitabu chote uende nacho. Nilikuwa nasubiri useme tu kuwa ni kizuri."