Kelele Iliyolala Mchana

Kazini walimwita Masikio, na jina hilo lilimkaa hata mkuu wa kitengo akasahau lile la kwenye kitambulisho. Kazi yake ilikuwa kutafuta kelele. Si kelele za baa wala za watoto, la. Ni zile ambazo wewe na mimi hatuzisikii, zinazotoka kwenye vifaa vibovu zikaenda kuuziba mnara wa simu. Mnara ukizibwa hivyo, simu yako inaonyesha mtandao umejaa tele, nawe unapiga na kupiga na hufiki popote. Mnara unasema vizuri tu. Shida ni kwamba hausikii.

Alianza kwa kuvuta nyaya kwenye mitaro, akapanda minara miaka kumi na mmoja hadi magoti yakagoma, na sasa alizunguka mitaani na gari la kampuni, shingoni kipimo chenye kioo, mkononi kaantena kenye miba kama samaki aliyekwisha kuliwa. Alikuwa mkaidi, tusifichane, na kelele aliyoianza hakuiacha mpaka aipate. Ukaidi huo hakuuokota njiani. Aliurithi kwa baba yake, mzima mzima.

Na baba ndiye aliyekuwa akimnyima usingizi. Mzee huyo, seremala aliyestaafu, aliishi peke yake tangu mkewe afariki. Wiki saba nyuma Masikio, binti yake, alikuwa juu ya paa lake akimfungia antena ya televisheni pamoja na busta, kile kiboksi cha kuvuta picha, ili apate walau taarifa ya habari ya jioni. Akiwa bado kwenye ngazi akamwambia ahamie kwake, nyumba ile imemzidi nguvu. Mzee akajibu kwamba yeye si kabati la kuhamishwa. Neno likazaa neno. Binti akashuka, akakusanya vifaa vyake na kuondoka, na la mwisho alilolisikia akiwa getini lilikuwa, "Basi usinipigie tena!"

Akanuna wiki nzima, kisha akapiga. Hapatikani. Akapiga kila siku, saa saba wakati wa chakula na saa kumi na mbili jioni akitoka kazini, na kila siku sauti ileile ya yule dada wa mitambo ikamwambia mteja hapatikani. Kumwandikia ujumbe kulikuwa kazi bure, maana mzee alisema herufi za simu zimeandikwa na sisimizi. Shangazi, aliyemwona kila Jumapili, alisema kaka yake ni mzima ila amekuwa mkimya, "na ya kwenu malizaneni wenyewe." Basi Masikio akaamini kwamba baba yake anamzimia simu. Kwenda kugonga na kufukuzwa mlangoni, hilo hakuliweza. Mwanamke aliyeninginia juu ya minara kwenye upepo aliogopa geti la bati.

Ndipo malalamiko yakaanza kumiminika kutoka mtaa mmoja. Mkunga wa zahanati alikuwa akipanda juu ya tuta la nyuma ili simu yake ya kuita gari la wagonjwa ipate kutoka. Mkuu wa kitengo akatandaza michoro ya kelele hiyo mezani.

"Angalieni. Inaanza saa mbili asubuhi. Saa nane mchana kimya. Saa kumi imerudi. Saa tatu usiku imezimika."

Dereva wa Masikio akainama kutazama. "Yaani hii kelele inalala mchana? Huyu si mtambo jamani, huyu ni mstaafu!"

Wakacheka hadi machozi, na Masikio ndiye aliyecheka zaidi. Tangu siku hiyo kelele ile ikaitwa Mstaafu. "Mstaafu kaamka?" waliulizana asubuhi. "Kaamka, anakunywa chai." Lakini wiki mbili baadaye, mkuu alipomtuma Masikio na kuutaja mtaa wenyewe, kicheko kikamkauka Masikio mdomoni. Ulikuwa mtaa wa baba yake.

"Magoti yangu, bosi," akaanza.

"Kwani nani kakutuma upande mnara? Vichochoro vya kule unavijua wewe."

Kumshuku mzee hakukumpitia hata akilini. Baba aliyemjua yeye aliona kuwasha televisheni kabla ya jua kuzama ni uvivu.

Kesho yake asubuhi wakasimama sehemu tatu. Kila sehemu alizungusha kaantena polepole mpaka kipimo kipande, akachora mstari kwenye ramani kuelekea huko. Mistari mitatu ikakutana. Akaitazama ile njia panda ya wino, akashuka garini. Akatembea, dereva nyuma yake, kipimo kikipanda kila hatua, wakapita duka, wakapita cherehani ya jirani, hadi kwenye geti la bluu ambalo bawaba zake alikuwa amezipaka mafuta kwa mkono wake.

"Mbona umeganda?" dereva akauliza.

"Hapa ni kwa baba."

"Si ndiyo vizuri? Tutapewa hata maji ya kunywa."

Akapiga moyo konde, akagonga. Geti likafunguka, na mzee akasimama pale, amepungua, simu mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akaitazama antena, kisha uso wake. "Umekuja kikazi."

"Nimekuja kikazi. Kuja hivi hivi niliogopa. Ulisema nisikupigie."

"Na wewe kwa utiifu wako ukanisikiliza? Tangu lini?" Mzee akainyanyua simu yake. "Jirani kaniambia siku hizi mtu anaweza kumfungia mwenzake namba. Nikajua nimefungiwa. Simu imejaa mtandao, naipakata kutwa, na nikikupigia inakata kabla haijaita."

"Baba, nakupigia kila siku! Naambiwa hupatikani."

"Nisipatikane nimekwenda wapi, mwanangu?"

Wakapeana simu hapo hapo getini. Kwenye ya binti, "Baba" mara mbili kwa siku, ukurasa baada ya ukurasa. Kwenye ya mzee, "Binti", "Binti", "Binti". Dereva akageuka kutazama ukuta wa jirani kana kwamba kuna cha maana.

Ndani televisheni ilikuwa ikizungumza peke yake.

"Unaiwasha tangu asubuhi?"

"Zamani habari tu. Lakini ulipoacha kupiga, nyumba ikawa kimya mno. Naiwasha angalau kuwe na mtu anaongea. Nikilala mchana nazima ukutani, umeme si wa kuchezea."

Masikio akaketi kwenye mkono wa kochi. Ile ratiba waliyoichekea ofisini wiki mbili nzima ilikuwa ya baba yake.

"Hebu zima, baba."

Mzee akazima ukutani, televisheni na busta pamoja. Kipimo kikaanguka na kutulia; mnara ukaanza kusikia tena. Akampigia palepale, na simu ikalia mkononi mwa mzee, kwa sauti kubwa ajabu, naye akaipokea ingawa walikuwa hatua mbili tu.

"Haloo?"

"Ni mimi, baba."

"Najua ni wewe," akasema, akilia na kucheka pamoja. Pumzi ambayo Masikio alikuwa ameizuia tangu siku ya ngazi ikamtoka yote, hata mabega yakashuka.

Juu ya paa busta ilikuwa imejaa maji. Maungio yalikosa utepe wa kuzuia mvua, ule utepe aliokuwa ameushika mkononi ugomvi ulipoanza, akaondoka nao mfukoni. Akafunga busta nyingine, akaifungia utepe mara tatu. Kwenye ripoti akaandika chanzo: busta iliyoingia maji. Palipoandikwa jina la fundi aliyefunga, akaandika lake.

Siku iliyofuata mchoro ulikuwa umenyooka kutoka asubuhi. Mkunga wa zahanati alipiga mwenyewe kushukuru, akiwa ameketi kitini.

"Haya, Masikio," mkuu akasema, "Mstaafu tumemzika?"

Ilikuwa saa saba kamili. Simu ya Masikio ikaanza kutetemeka juu ya meza, "Baba" kwenye kioo, naye akaigeuza wote wasome.

"Yu hai," akasema. "Niacheni nipokee, anataka kujua kama nimekula."