Selpha Aloo na Hesabu ya Unga

Selpha Aloo aliacha shule darasa la sita, mwaka mama yake alipofariki. Alipofikisha miaka arobaini na tisa alirudi, kwenye darasa la watu wazima lililofanyika alasiri katika ukumbi wa kanisa mtaani Migosi. Asubuhi alikuwa ufukweni Dunga akianika omena, wale dagaa wa ziwani, na alipofika darasani mgongo ulikuwa umeshakataa. Mara mbili alisinzia juu ya daftari. Mwalimu Nekoye, mdogo kwake kwa miaka ishirini, hakumwamsha.

Hesabu za sehemu ndizo zilizomshinda. Kwa wiki tatu alipata sufuri, na Jumanne moja aliamua kwamba hiyo ndiyo siku yake ya mwisho darasani. Ubaoni paliandikwa: mama alipika theluthi moja ya unga wake, akampa jirani nusu ya uliobaki, akabaki na mikebe minne ya gorogoro. Alianza na gorogoro ngapi?

Selpha aliandika theluthi moja, akaifuta, akaiandika tena. Kisha akaweka kalamu chini.

"Mwalimu, theluthi ya nini? Hawajasema alikuwa na unga kiasi gani."

"Wamesema nini basi?"

"Kilichobaki. Hata mimi jioni naona kilichobaki tu. Kilichoenda sijui kilienda saa ngapi."

Nekoye akavuta kiti, akaketi kando yake. "Basi anza na hicho, Mama. Rudi nyuma. Kabla ya kumpa jirani alikuwa na ngapi?"

Selpha aliinamia daftari. Yule mama alimpa jirani nusu, akabaki na nusu. "Nane."

"Na kabla ya kupika?"

Hapo alikwama. Akachora mafungu matatu, akalikata moja lililopikwa. Mawili yaliyosalia yalikuwa zile gorogoro nane, kwa hiyo kila fungu lilikuwa na nne. Akalirudisha lile alilolikata.

"Kumi na mbili," alisema, kwa sauti ya mtu asiyejiamini. Kisha akaanza upya kutoka mwanzo hadi mwisho kuhakikisha, na ikabaki nne.

Hakushangilia. Alifungua ukurasa mwingine akaomba swali jingine.

Novemba alifanya mtihani, akafaulu hesabu kwa alama hamsini na mbili. Cheti kilipokuja, jirani yake Dorca alikikagua pande zote mbili.

"Sasa utafanya nini nacho?"

"Kwanza nilale," Selpha alisema, akavua viatu.