Siku Nilipotoa Betri ya Jenereta

Aibu hii naisema mwenyewe kabla hamjaisikia mtaani Bwiza imeongezwa chumvi: siku tuliyopaswa kuwaonyesha wageni jinsi hospitali yetu itakavyoendelea kufanya kazi hata umeme ukikatika, hospitali ilizimika, na sababu ni mimi, mwandishi wa mpango wenyewe.

Asubuhi gari la kuwaleta wageni kutoka mtaa wa Kigobe liligoma kuwaka, betri imekufa, dereva ananitazama, na mimi (kichwa changu hiki!) nikamwambia chukua ile ya jenereta, utairudisha sasa hivi, umeme si upo? Gari likatoka. Dakika kumi hazijaisha, umeme ukaenda.

Mama Zaituni, muuguzi wa watoto njiti, akatoka mbio. "Washa jenereta! Kuna mutoto ndani ya mashine ya joto!" Nikamweleza betri iko wapi. Hakunitukana, na hilo ndilo lililoniuma. Mama wa mtoto alikuwa hajazinduka baada ya upasuaji, baba yuko safarini.

"Nawa. Toa shati," Mama Zaituni akaniamuru.

"Mi?"

"We. Mashine imekuwa baridi, kifua chako apana."

Basi nikakaa na kitambi changu wazi, akanilaza kichanga kifuani, akatufunga pamoja kwa kitenge chake cha maua. Subhanallah! Mtu kamili, hafikii uzito wa mikate miwili, na moyo wake unapiga mbio juu ya wangu! Niliogopa hata kumeza mate.

Wageni wakaingia na suti zao, mkurugenzi mbele. "Mwenye mpango wa dharura yuko wapi?" Kusimama siwezi, kujificha siwezi. Mama Zaituni akajibu, "Ndiye huyo. Musipige kelele." Wakaziba midomo kuzuia kicheko, mmoja akanipiga picha (imeshafika Ngagara nzima), lakini wallahi mimi nilikuwa naangalia ule mgongo mdogo ukipanda na kushuka, nikishangaa kwamba pumzi inaweza kukaa mahali padogo vile.

Betri ikarudi, taa zikawaka. Jioni mama wa mtoto, ameshazinduka, akanishika mikono yote miwili: "Mungu akubariki, papa, umeniokolea mutoto." Nikajibu amina, halafu sikulala.

Asubuhi nilirudi nikamwambia mama huyo ukweli wote. Akanitazama weee, kisha akaninyooshea mtoto. "Mushike tena. Mara hii mutazame uso."

Nikamtazama, machozi yakanitoka mbele ya wodi nzima. Tangu siku ile gari likigoma tunalisukuma, na wageni wakichelewa, wachelewe.